Mwongozo Uliosomeka kwa Macho Yangu Tu

Najua nimepotea. Kazi zilinibana, na stima nayo hapa Membley ikawa na mambo yake... lakini nimerudi. Leo nina kisa ambacho nimekuwa nikikiahirisha kwa sababu mkosaji ndani yake ni mimi mwenyewe. Mnaoandika programu mtanielewa. Msioandika mtapata nafasi ya kutucheka, na mna haki.

Kisa chenyewe kinahusu mwongozo wa matumizi. Ndiyo, yale makaratasi ambayo kila mteja huyadai siku ya kukabidhiwa programu, halafu hakuna anayeyafungua mpaka mambo yaharibike.

Mwaka 2023 nilikamilisha programu ya kutunza hesabu za wanachama kwa Sacco moja ndogo ya huku kwetu Ruiru. Programu inafunguka kwenye kivinjari. Karani anamtafuta mwanachama, anaingiza akiba, anaangalia mkopo, na akikosea anabatilisha muamala. Hakuna maajabu. Nilichojivunia zaidi ni mwongozo wake. Kurasa 64! Niliutengeneza kwa Word, kila hatua na picha ya skrini, kila picha na mshale mwekundu, visanduku vya rangi huku na huku, maandishi yamepangwa safu mbili kama gazeti. Nikaugeuza kuwa PDF, nikautuma, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Wiki tatu baadaye, Jumapili jioni, simu ikalia.

"Injinia, samahani kukusumbua siku ya mapumziko."

Alikuwa karani mpya wa Sacco ile, kijana aliyeajiriwa kujibu simu za wanachama wanaouliza salio na mikopo. Kijana huyu haoni tangu utotoni. Anatumia kompyuta kwa kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini. Yake inaitwa NVDA, ni ya bure, na ameiweka kasi ambayo mimi nikisikiliza naambulia mbu tu. Alikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio na kamati ingekaa Ijumaa ile kuamua kama abaki. Neno lililokuwa likizunguka ofisini ni hili: kijana ni mzuri, ana adabu, ila mfumo umemshinda.

"Mfumo wenyewe sina shida nao," akaniambia. "Shida ni kuujifunza. Kila nikifungua mwongozo wako unaniambia: picha. Picha. Picha. Halafu maneno mawili, halafu picha tena. Inabidi niwaulize wenzangu kila kitu, nao wana kazi zao."

Mimi kwa ujuaji wangu nikamwambia aende ukurasa wa 31, pale nimeeleza kila kitu kuhusu kubatilisha muamala. Akanyamaza kidogo.

"Nimefika ukurasa wa 31. Unasema, bonyeza hapa kama inavyoonyeshwa. Hapa ni wapi, Injinia?"

Sikuwa na jibu.

Nikafungua nakala yangu nimsomee mwenyewe. Ndipo nilipoumbuka. "Bofya kitufe cha kijani upande wa kulia." "Angalia kisanduku chekundu hapo chini." Kila sentensi niliyofikia niliona aibu kuitamka. Nikaacha kusoma, nikaanza kumweleza kwa maneno ya kawaida: fungua Miamala, chagua muamala uliokosewa, nenda kwenye kitufe kinachoitwa Batilisha, andika sababu, kisha bonyeza Thibitisha. Nikasikia kibodi yake ikitwanga. Haikufika dakika moja.

"Imekubali," akasema. "Kumbe ni hivyo tu?"

Ni hivyo tu. Kurasa nne za picha na mishale, na kazi yote ilikuwa sentensi moja ya simu.

(Mtauliza, kama mwongozo ulikuwa mbovu hivyo, programu yenyewe ilimkubalije? Ukweli ni kwamba uvivu wangu ndio uliomsaidia. Nilitumia vitufe na fomu za kawaida za HTML, kila kisanduku na lebo yake, kwa sababu sikuwa na muda wa kubuni vya kwangu. Kisoma skrini kinavijua hivyo. Ningejitia ufundi wa mapambo, ningemfungia mlango huo pia.)

Watu wanne, mwongozo mmoja

Jumatatu nilipanda boda hadi ofisini kwao. Sikwenda kufundisha, nilikwenda kukaa kwenye kona na kutazama watu wanavyoutumia mwongozo wangu. Niwaambie kweli, hiyo ni adhabu.

Mama wa kaunta alikuwa ameuchapisha kwenye saiba, bila rangi kwa sababu rangi ni ghali. Mshale mwekundu juu ya menyu ya bluu ukawa kijivu juu ya kijivu. Alikuwa ameizungushia kalamu mishale yote aliyoweza kuitambua. Dada wa mikopo aliufungulia kwenye simu, na kwa zile safu mbili alikuwa akivuta ukurasa kushoto, kulia, juu, chini, kama mtu anayetafuta sindano. Mwenyekiti ni mzee ambaye macho yake yamechoka. Alikuza herufi mpaka zikatosha, na kila mstari ukakatika nusu nje ya skrini. "Kijana wangu," akaniambia kwa upole, "hiki kitabu chako kizuri, ila kinanikimbia."

Wa nne ni karani wetu wa simu, ambaye habari zake mmezisikia.

Kwa hiyo mwongozo ulikuwa na msomaji mmoja tu aliyeusoma bila taabu: mimi, kwenye meza yangu, mbele ya skrini yangu kubwa. Na mimi sikuuhitaji.

PDF haina kosa

Kabla hamjaanza kuitukana PDF, tuitendee haki. Adobe waliitoa mwaka 1993 ili ukurasa uonekane vilevile kwenye kila kompyuta na kila printa. Kazi hiyo inaifanya vizuri sana. Tatizo ni kwamba "uonekane vilevile" ndicho kitu ambacho watu wangu wanne hawakukihitaji. Kila mmoja alihitaji uonekane tofauti, na mmoja hakuhitaji uonekane kabisa.

Ndani ya PDF ya kawaida kuna maagizo ya kuweka herufi hii mahali hapa na ile mahali pale. Kama hakuna alama za ziada za kusema hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha, mashine haijui. Inaona herufi kubwa na ndogo tu. Alama hizo zinaweza kuwekwa, na tangu mwaka 2012 kuna kiwango cha kimataifa kinachoitwa PDF/UA kinachoeleza jinsi ya kuziweka. Mimi sikuweka. Vichwa vyangu vyote nilivitengeneza kwa kukoza wino na kuongeza ukubwa wa herufi. Kwa jicho ni kichwa. Kwa kisoma skrini ni aya kama aya nyingine.

Hili lina uzito gani? Kwenye ukurasa uliopangwa sawasawa, mtumiaji wa NVDA akibonyeza herufi H anaruka hadi kichwa kinachofuata. Ndivyo yeye anavyopitisha jicho juu ya ukurasa. Kwangu hakukuwa na kichwa hata kimoja cha kurukia, kwa hiyo ilimbidi asikilize tangu mwanzo. Wale wa zamani mtakumbuka kutafuta wimbo katikati ya kaseti. Sasa fikiria kaseti ya kurasa 64.

Na tatizo hili wenye kompyuta walilijua kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mwongozo wa kwanza wa Unix kule Bell Labs ulitoka Novemba 1971, na mojawapo ya kazi za mwanzo za Unix ilikuwa kuandaa nyaraka za idara yao ya hataza. Mwandishi aliandika maandishi matupu na kuweka alama: hapa aya inaanza, hapa ni kichwa. Programu ya nroff iliyatoa kwenye mashine za chapa za kawaida. Baadaye kidogo troff ikayatoa kwenye mashine ya kupangia herufi za vitabu. Chanzo kimoja, matokeo mawili. Tangu wakati huo wamekuja wengi kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 2004 John Gruber alitoa Markdown, ambayo alama zake ni nyepesi kiasi kwamba hata ukizisoma mbichi hazikusumbui. Mwaka 2006 John MacFarlane, ambaye ni profesa wa falsafa, alitoa Pandoc, programu inayochukua faili ya Markdown na kuitoa kama HTML, EPUB, Word, PDF na fomati nyingine nyingi.

Kwa hiyo zana zilikuwepo, tena za bure. Nilizijua na nilizitumia kazini kila siku. Sikuwahi kufikiri kwamba karani wa Sacco naye anastahili.

Kosa moja, nguo nne

Jumatatu usiku niliketi. Nikatoa maandishi yote kutoka kwenye Word, nikayaweka kwenye faili moja ya Markdown, nikaweka vichwa vya kweli, nikaita Pandoc. Ndani ya sekunde chache nina HTML ya kusikiliza, EPUB ya simu, Word ya mwenyekiti kujipangia herufi, na PDF ya kuchapisha. Nikajiona fundi! Jumanne asubuhi nikamtumia karani ile ya HTML.

Akajibu kabla ya saa sita: "Sasa naweza kuruka vichwa, asante sana. Ila bado unaniambia bonyeza hapa."

Hapo ndipo akili ilipoingia. Nilikuwa nimebadilisha nguo tu. Pandoc inaweza kubeba sentensi hadi popote, lakini haiwezi kuitengeneza. "Kitufe cha kijani upande wa kulia" ni sentensi isiyosafiri: kwenye karatasi isiyo na rangi imekufa, kwenye simu kitufe kimeshuka chini, kwenye sauti haina maana. Mimi nilidhani nina tatizo la fomati. Nilikuwa na tatizo la kuandika.

Nikakumbuka ile simu ya Jumapili. Nilipoweza kumweleza mtu kwa mdomo, bila kumwonyesha chochote, aliweza. Nikakifanya hicho kuwa kipimo: kila sehemu ya mwongozo nimsomee mtu kwa simu, neno kwa neno, naye aitende. Akikwama au akiuliza "wapi?", sehemu hiyo inaandikwa upya. Jumanne na Jumatano jioni mama wa kaunta na karani walinivumilia, na bando za kuwapigia nililipa mimi... haki yangu.

Haya ndiyo niliyojifunza kwa zile siku nne.

1. Taja kitu kwa jina lake. Sema "kitufe cha Batilisha", usiseme cha kijani wala cha kulia. Rangi na mahali unaweza kuongeza baadaye kwa anayeona, lakini jina litangulie. Na jina hilo liwe herufi kwa herufi lile lililo kwenye programu. Kwangu mwongozo ulisema "Rekodi" mahali programu inaposema "Hifadhi". Anayeona hukisia. Anayesikiliza hutafuta kitu kisichokuwepo.

2. Kichwa kiwe kichwa. Hata ukibaki na Word, tumia mitindo yake ya vichwa badala ya kukoza wino. Na kichwa kiseme kazi. "Kubatilisha muamala uliokosewa" ni bora kuliko "Sehemu ya 4.2: Moduli ya Miamala". Mtu hafungui mwongozo kutafuta moduli.

3. Hatua moja, tendo moja, kisha matokeo. "Bonyeza Thibitisha. Utapata ujumbe: Muamala umebatilishwa." Bila hayo matokeo, asiyeona hajui kama amefika, na hata anayeona hubaki na wasiwasi. Nilijilazimisha kila hatua iingie kwenye SMS moja, herufi 160. Si sheria ya mtu, ila ilinifaa: hatua ndefu kuliko hapo karibu kila mara ilikuwa hatua mbili zimejificha.

4. Picha isaidie, isibebe. Nilibakisha picha sita kati ya zaidi ya themanini. Kila moja ina maelezo yake ya maandishi ndani ya faili, na ukiifuta hakuna hatua inayopotea.

5. Tangaza lugha. Hili lilinishangaza. Faili yangu ya kwanza haikusema imeandikwa kwa lugha gani, basi kompyuta ikasoma Kiswahili changu kwa sauti ya Kiingereza. Neno "mwanachama" likatoka kama jina la dawa! Kuna eSpeak NG, inayokuja pamoja na NVDA, na ina sauti ya Kiswahili. Nilichotakiwa kufanya ni kuandika juu ya faili mstari mmoja tu, `lang: sw`, Pandoc ikaupeleka kwenye HTML. Mstari mmoja, na mwongozo mzima ukaanza kutamkika.

6. Jedwali ni la takwimu. Usilitumie kupanga maandishi yapendeze. Msikilizaji huletewa jedwali kisanduku kwa kisanduku, na kama mstari wa kwanza hautaji kila safu ni ya nini, anabaki na tarakimu zisizo na wenyewe.

Breli pia inafaidika na haya yote. Maandishi yaliyosafishwa ndiyo yanayogeuzwa kirahisi na programu kama Liblouis, na kwa kuwa ukurasa wa kawaida wa breli una mistari 25 hivi ya vitone, kila neno la bure unaloandika linakuwa karatasi ya mtu kubeba.

Hatuna kisingizio

Jambo moja limekuwa likinikera moyoni tangu wiki ile. Mimi si mgeni hapa. Ukitoka Ruiru ukifuata barabara kuu unafika Thika, na Thika kuna shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Tangu mwaka 2009 shirika la inABLE limekuwa likifungua maabara za kompyuta huko, wanafunzi wakijifunza kwa visoma skrini. Maelfu ya mara nimepita barabara hiyo. Sikuwahi kujiuliza hao vijana wakimaliza shule watafanya kazi na programu za nani. Jibu ni: zangu. Na zako.

Sheria nayo haiko kimya. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine zinazofaa za mawasiliano. Mwaka 2022 Kenya ikapata kiwango chake cha ufikivu wa teknolojia, KS 2952. Ni mambo mazuri na tuyasome. Lakini hakuna kifungu kitakachokuja usiku kukufutia neno "hapa". Hilo ni lako na kibodi yako.

Ijumaa

Alhamisi saa tano usiku nilituma toleo la mwisho. Kurasa 64 zilikuwa zimebaki 19 zikichapishwa. PDF niliiacha kwa ajili ya karatasi tu, na kwa sababu kamati huona PDF ndiyo rasmi.

Ijumaa sikuwepo, kwa hiyo nawapa nilivyosimuliwa. Mwenyekiti alileta muamala mmoja uliokosewa wiki ile, akamwomba karani aubatilishe mbele ya kamati bila kuuliza mtu. Akaweka vipokea sauti masikioni, akafungua mwongozo, akaruka vichwa viwili vitatu, akafanya. Kisha akaombwa kutafuta mkopo wa mwanachama aliyechelewa kulipa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akalitafuta mwongozoni, akalifanya.

Saa kumi jioni simu yangu ikalia. "Injinia, wamenipa barua."

Nikampongeza, nikaanza na maneno yangu mengi ya furaha. Akaniacha nimalize.

"Ila sehemu ya mikopo, hatua ya sita, umesahau kusema mtu abonyeze Thibitisha. Nilibahatisha."

Nikafungua faili. Kweli, nilikuwa nimesahau. Mimi na macho yangu mawili nilikuwa nimeipitia mara tano. Nikarekebisha mstari mmoja, nikaita Pandoc, na nakala zote nne zikapona pamoja. Siku hizi hakuna toleo ninalotoa kabla hajalisikiliza yeye, na analipwa kwa kazi hiyo. Mwenyekiti naye ananiambia kitabu kimeacha kumkimbia: kwenye simu yake anakuza herufi mpaka zinamtosha, na mistari inajipanga yenyewe.

Basi ndugu zangu, kama una mwongozo uliouandika na bado unajivunia, mpigie mtu simu leo, umsomee ukurasa mmoja. Akikuuliza "wapi?", usimlaumu yeye.

Tukutane tena stima ikikubali.